Kiti na Tatu

Obiero wa Kibuye huuza nyaya kwa kilo,
chaja kwa fungu, na rimoti
ambazo televisheni zake zilikufa zamani.
Jumapili ile, kati ya pasi na blenda isiyo na kifuniko,
nilikiona: kisanduku cha plastiki, vikanyagio viwili,
kioo cha tarakimu mbili.
Tarakimu ya kushoto imeungua mstari mmoja,
kwa hiyo nane hujidai sita
na nne husimama kama kiti.

"Elfu sita. Humu ndani mna bendi nzima."
"Bendi nzima, na haina adapta?"
Tukavutana hadi elfu tatu mia nane,
akaniongezea waya usiohusiana na chochote.

Mimi hutengeneza simu Kondele.
Usiku nikakifungua, nikayeyusha lehemu,
nikaunga upya tundu la stima.
Volti tisa, hasi katikati;
nusura nikiue kwa adapta ya redio ya shangazi.
Kikawaka chekundu, kikavuma kama friji,
nami nikashukuru hata kwa huo mvumo.

Sauti themanini na tano za kiwandani!
Gitaa lililotumbukia kisimani.
Nyuki ndani ya debe.
Behewa likikwaruza reli pale Kibos.
Kanisa ambalo bado halijajengwa,
dari lake refu kuliko sadaka.
Na moja inalia wa-wa, wa-wa,
kama mtoto aliyenyimwa mandazi.
Aliyezitunga hajawahi kupiga matangani,
jenereta likikohoa, wafiwa wakitaka
kusikia kila uzi ukitaja jina la marehemu.

Halafu nikafika kiti na tatu.

Hapa kuna mtu alikaa.
Besi imepunguzwa, makali yamepandishwa kidogo,
na mwangwi mmoja, mmoja tu,
unaorudi ukiwa mkavu, kisha unanyamaza.
Nikajaribu ule wa harusi: ukajikwaa.
Nikajaribu pambio: likaachwa nyuma.
Mwangwi huu unakubali mwendo mmoja,
wa mtu anayekwenda dukani na hela kamili mfukoni.
Nilipouvaa mwendo huo,
kila nafasi niliyoiacha ikajazwa,
noti kwa noti, nyuma ya bega langu.
Ndipo nikaelewa: alikuwa akipiga peke yake.
Alikaa na vibonye hivi vidogo,
jioni ngapi sijui,
mpaka akajitengenezea mwenzake.

Nikarudi kwa Obiero. Ni nani aliyekiuza?
"Mimi nanunua kwa gunia," akasema,
"sinunui kwa jina."

Awasi, usiku wa Ijumaa, Nyangweso hakutokea.
Gitaa la pili likabaki ukutani kwake
na simu yake imezimwa.
Nikakanyaga kiti na tatu,
nikamwambia Akech wa ngoma: usinifuate mimi,
fuata kisanduku.
Jenereta likazima mara mbili.
Kila liliporudi, marekebisho yangu yote yalikuwa yamepotea,
yale ya kihuni niliyosahau kuyahifadhi,
lakini yeye alikuwepo, mahali pake,
anasubiri nianze.
Alfajiri mpiga besi akaniuliza,
huku akikunja waya kwenye kiwiko:
"Yule wa pili alikuwa amekaa wapi?"

Leo amekuja Mukhwana, kijana wa Kakamega,
ana elfu tano taslimu na kucha ndefu za mkono mmoja.
Anakitaka, ila kwanza nikifute, kiwe kama kipya.
Kufuta ni rahisi:
kanyaga vyote viwili, washa, hesabu hadi tatu.

Nimekanyaga kimoja.
Mguu wa pili uko hewani,
naye ananitazama kama fundi asiyejua kazi.

Nikaushusha sakafuni, kando.
Nikamwambia bei imepanda.
Akauliza imepandishwa na nini.
Nikabonyeza, nikabonyeza,
mpaka kiti kikajitokeza kiooni.